Mali Bila Daftari: Sikio na Maandishi katika Kujifunza Muziki Gisenyi

Utangulizi

Kijana wa Gisenyi anayetaka kujifunza gitaa la besi leo ana walimu wawili. Wa kwanza ni sikio lake mwenyewe. Anausikiliza wimbo redioni, kanisani au kwenye simu, anarudia kipande kilekile mpaka vidole vikubali. Wa pili ni maandishi: nota za muziki, solfa, au ile karatasi ya namba inayoitwa tabulatura, ambayo siku hizi hupatikana bure kwenye intaneti. Ubishi juu ya walimu hawa wawili hauishi. Wanaofuata sikio husema kwamba msoma karatasi hupiga muziki usio na roho. Wanaofuata karatasi hujibu kwamba anayetegemea sikio peke yake atabaki kuiga tu, bila kujua anachokiiga.

Insha hii haikusudii kumpa ushindi mmoja wao. Inakusudia kuutazama ubishi huo kwa jicho la historia, kwa sababu haukuanza na intaneti wala na gitaa la besi. Hoja yetu ni hii: kila andiko la muziki lilianza katika sikio la mtu fulani, na ubora wake hautaweza kuzidi ubora wa sikio hilo. Hata hivyo, sikio nalo hufa pamoja na mwenye nalo, na Rwanda ina sababu nzito ya kulikumbuka jambo hilo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Swali la kihistoria basi ni nani aliyeshika kalamu, alisikia nini, na sasa ni zamu ya nani.

Tabulatura ni nini?

Tabulatura haimwambii mpigaji sauti inayotakiwa. Inamwambia kidole kiende wapi. Kwa gitaa la besi lenye nyuzi nne, huchorwa mistari minne, kila mstari ukisimama badala ya uzi mmoja: mi, la, re na sol, kuanzia uzi mnene hadi mwembamba. Juu ya mstari huandikwa namba. Sifuri ni uzi unaopigwa bila kubanwa. Namba 3 kwenye uzi wa la maana yake ni kubana nafasi ya tatu, na sauti itakayotoka ni do. Mtu asiyejua kabisa nadharia ya muziki anaweza kuielewa karatasi hiyo kwa muda mfupi sana. Hapo ndipo ilipo nguvu yake.

Udhaifu wake uko hapohapo. Tabulatura nyingi za intaneti zinaonyesha wapi lakini hazionyeshi lini. Namba zimepangwa mfululizo, ila hazisemi sauti hii ikae kwa muda gani, wala ni wapi mpigaji anyamaze. Asiyeufahamu wimbo hawezi kuupata kutoka katika namba hizo pekee. Ni lazima awe ameusikia kwanza. Kwa maneno mengine, hata msoma tabulatura hutegemea sikio, ila pengine hajui kama analitegemea.

Upungufu huo si wa asili. Tabulatura ni maandishi ya zamani. Mwaka 1507 mchapishaji Ottaviano Petrucci wa Venezia alichapisha vitabu vya muziki wa kinanda cha nyuzi kilichoitwa liuto, vilivyotungwa na Francesco Spinacino, na juu ya mistari ya vitabu vile ziliwekwa alama za muda. Mpigaji wa karne ya 16 aliambiwa wapi na lini. Gitaa la besi la umeme lilipoanza kuuzwa na kampuni ya Leo Fender huko Kalifonia mwaka 1951, na baadaye vijana wa vyuo vikuu vya Marekani walipoanza kubadilishana tabulatura kwa kompyuta, walizipiga kwa herufi za kawaida za mashine, na mara nyingi alama za muda ziliachwa. Hazina mashuhuri ya tabulatura hizo, OLGA, ilianza mwaka 1992 na kufungwa mwaka 2006 baada ya wachapishaji wa muziki kulalamikia hakimiliki. Jambo la kuzingatia ni kwamba karatasi zile hazikunakiliwa kutoka kwa watunzi. Mashabiki walisikiliza rekodi, wakaandika walichodhani wamekisikia. Ndiyo maana wimbo mmoja ulikuwa na tabulatura tatu zinazopingana. Zilikuwa masikio matatu yaliyowekwa kwenye karatasi.

Rwanda iliyokumbuka bila karatasi

Kabla ya kuja kwa wamisionari, Rwanda haikuwa na maandishi ya muziki, lakini ilikuwa na utaratibu wa kukumbuka. Katika ufalme, abiru walibeba kichwani ubwiru, yaani kanuni za siri za ibada za kifalme. Washairi wa ikulu walihifadhi ibisigo, mashairi ya kuwasifu wafalme, na kuyarithisha kwa watoto wao. Wapiga ngoma na wapiga pembe za amakondera walijifunza kwa kukaa karibu na wakubwa wao. Mpiga inanga naye alijifunza hivyohivyo. Inanga ni ubao uliochongwa ukawa na shimo kama sinia refu, na uzi unapitishwa juu yake huku na huko. Mpigaji huupatanisha kwa sikio lake, akifuata sauti yake mwenyewe anapoimba.

Tusidhani basi kwamba kujifunza kwa sikio ni kujifunza ovyo. Sikio la ikulu lilikuwa na adhabu, na lilikuwa na mashahidi. Aliyekosea alisahihishwa na wengine waliolijua lilelile. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya sikio la jamii na sikio la mtu mmoja aliyejifungia chumbani na simu yake.

Hata hivyo, sikio la jamii lina sharti moja: jamii yenyewe iendelee kuwapo. Padre Alexis Kagame, mwanahistoria aliyeishi kati ya 1912 na 1981, aliliona hilo mapema. Wakati wa Mwami Mutara wa Tatu Rudahigwa alianza kukusanya mashairi ya ikulu kutoka katika vinywa vya wenyewe, na mwaka 1951 alichapisha utafiti wake juu ya ushairi huo. Miaka kumi baadaye, mwaka 1961, ufalme ulikomeshwa. Ikulu ikatoweka, na shule ya sikio iliyokuwa ndani yake ikatoweka nayo. Sehemu kubwa ya tunachokijua leo tunakijua kwa sababu mtu mmoja aliyeyafahamu mambo kwa ndani alishika kalamu kabla mlango haujafungwa. Lakini Kagame aliandika maneno. Sauti za muziki wa ikulu hazikuwa kazi ya kalamu yake. Baadhi yake zilinaswa mwaka 1952, Hugh Tracey alipofika Rwanda na mashine yake ya kurekodia.

Solfa na daftari la Sontonga

Maandishi ya muziki yaliingia katika eneo la Gisenyi kwa njia ya kanisa. Misheni ya Nyundo, kilomita chache kutoka mjini, ilianzishwa na Mapadre Weupe mwaka 1901, na mwaka 1952 Aloys Bigirumwami alipewa uaskofu hapo, akawa Mnyarwanda wa kwanza kufikia cheo hicho. Penye misheni pana kwaya, na penye kwaya ya sauti nne pana haja ya karatasi, kwa sababu waimbaji wa besi, tena, alto na soprano hawaimbi kitu kimoja.

Karatasi iliyoenea zaidi Afrika Mashariki haikuwa ya nota za mistari mitano, ila solfa: herufi za d, r, m, f, s, l, t, pamoja na nukta na koloni za kupima muda. Mwingereza John Curwen aliieneza katika karne ya 19 ili watu wasio na elimu ya muziki waweze kuimba pamoja. Ilihitaji tu penseli na daftari. Wimbo unaojulikana na kila msomaji wa Kiswahili ulihifadhiwa hivyo. Enoch Sontonga, mwalimu wa Johannesburg, alitunga mwaka 1897 wimbo ambao sauti yake ndiyo tunayoisikia leo katika wimbo wa taifa wa Tanzania, na nyimbo zake aliziandika kwa solfa katika daftari la shule. Alifariki mwaka 1905. Kama angetegemea masikio ya wanafunzi wake tu, nani angejua leo sauti ipi ni yake?

Solfa ilileta faida kubwa, lakini ilileta pia mipaka yake. Herufi saba zilipangwa kwa ajili ya mfumo wa sauti wa Ulaya. Sauti ya inanga iliyo kati ya herufi mbili haina mahali pa kukaa. Mwandishi huisukuma kwenye herufi iliyo karibu, na kwaya inayosoma andiko hilo huimba sauti iliyosukumwa. Baada ya kizazi kimoja hakuna tena anayekumbuka kwamba ilisukumwa. Kwa njia hii maandishi huweza kuhifadhi wimbo na kuubadilisha kwa wakati mmoja.

Mwenda Jean Bosco na karatasi za Rycroft

Mfano unaotufaa zaidi katika mjadala huu unatoka ng'ambo ya mpaka wetu, Kongo, na ni wa mwimbaji wa Kiswahili. Mwaka huohuo wa 1952 Hugh Tracey alimkuta huko Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi katika Katanga, kijana aliyeitwa Mwenda Jean Bosco. Alirekodi wimbo wake wa Masanga, na rekodi hiyo ikasambaa Afrika nzima na nje yake. Bosco alipiga gitaa kwa vidole viwili vya mkono wa kulia. Kidole gumba kilipiga sauti nzito za chini, na kidole cha shahada kikapiga zile nyembamba za juu. Mtu aliyesikiliza bila kuona angedhani wapigaji ni wawili. Kwa mpiga besi jambo hili lina maana ya pekee: kazi ya lile gumba ndiyo ambayo baadaye, katika bendi, ilipewa chombo chake na mtu wake.

Wanamuziki wengi wa Afrika Mashariki, hasa baada ya Bosco kukaa Nairobi kwa miezi kadhaa mwaka 1959, walijaribu kumwiga kwa sikio. Mtafiti David Rycroft alichukua njia nyingine. Alizisikiliza rekodi kwa makini, akaziandika kwa nota, kisha akachapisha uchambuzi wake katika jarida la African Music kwa sehemu mbili, mwaka 1961 na 1962. Kazi yake inafundisha mambo mawili.

Kwanza, kalamu ilionyesha jambo ambalo sikio peke yake hulipita haraka. Katika karatasi tunaona namna gumba na shahada vinavyogawana mapigo: kimoja kinaanza pale kingine kinapopumzika, na wimbo tunaousikia kama kitu kimoja umefumwa kwa mistari miwili. Mwanafunzi aliyeuona mfumo huo huelewa kwa nini vidole vyake vinagongana, na ataurekebisha mwendo wake.

Pili, Rycroft mwenyewe hakudai kwamba ameuandika wimbo wenyewe. Katika kichwa cha makala yake aliuita muziki ule ubunifu wa papo hapo. Bosco hakuwa na Masanga moja. Kila alipokaa na gitaa alibadilisha kidogo, na kilichoandikwa ni Masanga ya siku ile, mbele ya mashine ile. Mtu akiipiga karatasi ya Rycroft neno kwa neno atakuwa amepiga sawasawa jambo ambalo Bosco alilipiga mara moja tu. Ndiyo maana Mwingereza John Low, aliyechapisha shajara yake ya safari ya Shaba mwaka 1982, hakuridhika na karatasi wala rekodi. Alikwenda Lubumbashi, akakaa na Bosco na wapigaji wenzake, akatazama mikono yao.

Rekodi, Kongo na mwaka 1994

Gisenyi na Goma ni miji miwili iliyogusana. Muziki wa Kongo haukuhitaji pasipoti kuvuka mpaka. Ulivuka na redio, na watu, na Kiswahili chenyewe. Katika bendi za rumba besi haikai nyuma tu. Wimbo unapofika kwenye sebene na waimbaji wakawaachia wapiga magitaa nafasi, besi ndiyo inayowabeba wachezaji. Wapigaji kama Mpudi Decca wa T.P. O.K. Jazz, bendi ya Franco, walikuwa shule kwa watu ambao hawakuwahi kuonana nao. Siri ya upigaji huo mara nyingi iko katika kunyamaza: mpigaji anaruka pigo ambalo mgeni analitarajia, kisha anatua kabla au baada yake. Tabulatura isiyo na alama za muda haiwezi kabisa kuueleza unyamavu. Hapa wanaotetea sikio wana haki yao kamili.

Lakini historia ya Rwanda inatulazimisha kusikiliza na upande wa pili. Katika miaka ya 1970 na 1980 nchi ilikuwa na bendi zake, Orchestre Impala ikiwa miongoni mwa zilizopendwa sana, na nyimbo za wakati huo ndizo zinazoitwa leo karahanyuze. Wanamuziki hao kwa kawaida walifundishana kwa sikio, mkubwa akimwonyesha mdogo. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, waliuawa Cyprien Rugamba, mtunzi na mtafiti aliyeanzisha kikundi cha Amasimbi n'Amakombe, Sebanani André, mwimbaji wa Impala, Karemera Rodrigue, na wengine wengi, wenye majina na wasio na majina. Alipouawa mwanamuziki, hakupotea mtu mmoja tu. Zilipotea na nyimbo ambazo hakuwa amezirekodi, na namna yake ya kuzipiga, na masahihisho ambayo angewapa vijana. Mnyororo wa sikio ulikatwa, na hakuna mwanafunzi anayeweza kuuliza tena kidole hiki kilikuwa wapi.

Kilichobaki ni rekodi, hasa zile za Radio Rwanda, iliyoanza mwaka 1961. Rekodi ni daftari la tatu, na kwa njia moja ni bora kuliko nota na tabulatura, kwa sababu inatunza muda na unyamavu. Lakini rekodi haimjibu mwanafunzi. Katika rekodi za zamani besi huwa imefunikwa na magitaa na sauti za waimbaji. Unaisikia ikipita kama mtu anayetembea nyuma ya ukuta. Inahitaji mtu wa kukaa nayo, kuitenganisha, na kuiandika.

Shule ya Nyundo

Kwa mtazamo huu, kufunguliwa kwa shule ya muziki Nyundo mwaka 2014 ni tukio la kihistoria, si habari ya burudani tu. Chini ya uongozi wa mwanamuziki Jacques Murigande, anayejulikana kama Mighty Popo, shule hiyo ilichagua vijana kutoka pande zote za nchi kwa kuwasikiliza wakiimba na kupiga. Yaani mlango wa kuingilia ulikuwa sikio. Baada ya kuingia walifundishwa nadharia na kusoma nota, pamoja na gitaa, besi, piano, ngoma na uimbaji. Baadaye shule ilihamishiwa Muhanga, lakini jina la Nyundo limebaki midomoni mwa watu, na waliopita pale, kama Igor Mabano na Ariel Wayz, wanasikika leo katika muziki wa nchi.

Ni kawaida kusikia lawama kwamba shule za namna hii zitawafanya vijana wote wapige sawa, na kwamba nota zitaua ladha. Lawama hiyo ina ukweli pale ambapo mwanafunzi anapewa karatasi za nje tu na kuambiwa huo ndio muziki. Lakini tukirudi kwa Kagame na Rycroft, tunaona kwamba matokeo hutegemea karatasi inatumiwa kwa kazi gani. Kijana anayejua nota ndiye anayeweza kuchukua rekodi ya karahanyuze, akaisikiliza besi yake mara nyingi, akaiandika pamoja na mapumziko yake, kisha akaipeleka kwa mzee aliyecheza katika bendi za wakati ule na kumuuliza: ni hivi? Mzee atasikiliza, atatikisa kichwa, atachukua gitaa na kuonyesha. Andiko litasahihishwa. Rycroft alikuwa na nota lakini hakuwa mwenyeji. Wapigaji wa zamani walikuwa wenyeji lakini hawakuwa na nota. Kizazi hiki ni cha kwanza kuwa na vyote viwili kwa wingi.

Kazi hiyo ina muda wake. Waliokuwa na miaka 25 mwaka 1980 sasa wamepita miaka 65. Rekodi haitazeeka haraka, lakini mtu wa kuisahihisha anazeeka.

Hitimisho

Tumeona kwamba tabulatura, solfa na nota ni watoto wa sikio. Vitabu vya Petrucci, daftari la Sontonga, kurasa za Rycroft na namba za OLGA vyote vilianza na mtu aliyesikia. Pale msikilizaji alipokuwa makini, andiko limesaidia. Alipokuwa na haraka au mgeni, andiko limepotosha. Tumeona pia kwamba sikio lisilo na daftari linaweza kudumu karne nyingi maadamu kuna jamii ya kulisahihisha, na kwamba linaweza kunyamazishwa ghafla, kama lilivyonyamaza katika ikulu mwaka 1961 na katika nyumba nyingi za Rwanda mwaka 1994.

Kwa hiyo mwanafunzi wa besi wa Gisenyi hana haja ya kuchagua kambi. Ajifunze kwa sikio, kwa sababu mdundo wa pande hizi hauingii wote kwenye karatasi. Ajifunze kuandika, kwa sababu yeye anaweza kusikia yale ambayo mgeni hatayasikia. Tabulatura za nyimbo za Marekani zimejaa kwenye intaneti kwa sababu mashabiki wa nyimbo hizo walikaa chini wakaziandika. Besi za karahanyuze hazitaandikwa na watu wa Kalifonia. Zinatungoja sisi, na wazee wa kutusahihisha bado wapo.